Gauni la Balozi na Kura Tisa za Mama

Ukitaka kujua kama mtu anakudanganya, usimwangalie machoni. Mpime kiuno. Mie hilo nimejifunza nikiwa kidato cha tatu, kwenye kibaraza cha nyumba yetu huku Temeke, daftari la vipimo mapajani, mama kapiga magoti na futi yake anazunguka mwili wa mteja na kunitajia namba. Yeye anapima, mie naandika. Ndivyo tunavyofanyaga kazi tangu nilipoacha kuandika tatu iliyogeuka.

Mama ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata wanaomsengenya. Mwaka wa uchaguzi akachukua fomu ya kugombea udiwani kupitia chama chake. Sababu yake ilikuwa moja na haikuwa siri: mtaro. Masika ikifika, mtaro wa mbele ya nyumba unatapika, maji yanaingia chumba cha kazi, na sie tunaipandisha cherehani juu ya makreti ya soda kama mgonjwa tusiyejua tumpeleke wapi. Mama kaandika barua za mtaro mpaka karani wa kata akawa anamwambia, "Fundi, ya safari hii weka pale pale juu ya zile nyingine." Siku moja akarudi, akavua viatu, akasema basi, ngoja nikakae mwenyewe kwenye hicho kiti ninachokiandikia.

Ila kabla ya kiti kuna kura za maoni. Kwa asiyejua: chama kinawachuja wagombea wake chenyewe kwanza, kwa kura za wajumbe wake. Kata yetu ina wajumbe mia na kitu. Atakayewapita hao ndiye anakuja kuomba kura kwenu nyie wenye vitambulisho. Kwa hiyo wajumbe wakaanza kutembelea nyumba za wagombea. Kwetu walikuja wawiliwawili, wakakaa kwenye mkeka, wakanywa chai na maandazi, wakajifuta midomo, wakasema, "Fundi, kura yangu unayo." Mie nilikuwa naziandika kwenye kurasa za mwisho za daftari. Zilifika thelathini na nane.

"Mama, kwa wagombea walivyo wengi, hawa wote wakisema kweli umeshapita," nikamwambia.

"Hesabu maandazi yaliyobaki," akasema. "Hayo ndiyo ya kweli."

Wa kwanza kuleta kitenge alikuwa balozi wetu. Balozi ni kiongozi wa chama kwa zile nyumba kumi za jirani, na huyu wetu ni mama mtu mzima, mpana, mwenye sauti ya kuita watu kutoka barabara ya pili. Ndiye aliyekuwa namba moja kwenye orodha yangu ya kura-yangu-unayo.

"Shikamoo bibi balozi."

"Marahaba, mjukuu. Niitie Fundi. Nataka gauni, tena la haraka, la kuvaa Jumamosi."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kura za maoni. Akafungua mfuko, akatoa kitenge cha buluu chenye michoro ya njano kama mapangaboi yanayozunguka. Kitambaa kizuri, kizito, bado kinanuka duka.

"Umekipata wapi?" mama akauliza.

"Nimepewa. Zawadi ya sikukuu."

"Sikukuu gani, bibi?" nikadakia.

"Inayokuja."

Kesho yake wakaja watatu na pangaboi hilo hilo. Keshokutwa sita. Kufikia hapo hakuna tena aliyetaja sikukuu. Kila mtu alijua vitenge vimegawiwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani, mgombea mwenzake mama, ambaye watu walikuwa wameshaanza kumwita Mheshimiwa kabla hajachaguliwa hata na familia yake. Aligawa kimya kimya. Wanawake ishirini na sita, kitambaa kimoja, siku moja ya kuvaa, kimya kimya.

Na wote walileta kwa mama. Hapo ndipo akili yangu iligoma. Nikamvuta jikoni.

"Hawa watu wamenunuliwa, halafu wanakuletea wewe risiti uwashonee."

"Wameniletea kazi."

"Wakatae."

"Nikiwakataa watashona kwingine na kura hawatanipa. Nikiwashonea kura hawatanipa lakini watakuwa wamependeza kwa mkono wangu. Kachukue daftari."

Unaona mtu wa namna gani aliyenizaa. Alikuwa anashona sare za kushindwa kwake mwenyewe, na bado anauliza kama mtu anataka kola ya duara au ya pembe.

Sasa niseme nilichofanya, maana nikikipita hapa hadithi yote itakuwa ya uongo. Nilianza na balozi. Mama alimzungushia futi akataja, "Kifua, arobaini na sita." Nikaandika arobaini na nne. "Kiuno, arobaini na mbili." Nikaandika arobaini. Hakuna aliyenituma. Nilimwangalia bibi wa watu amesimama pale, mikono kaitanua kama anayesubiri kukumbatiwa, nikaona haiwezekani atoke hivi hivi. Nilitaka Jumamosi akae kwenye kile kikao akiwa amebanwa. Dhamiri yake ilikuwa likizo, basi mshono ushike zamu. Baada ya yeye nikawafanyia na wengine wote waliokuwa kwenye orodha yangu ya ahadi. Inchi mbili, kila mmoja. Mama akawa anakata vitambaa kwa kufuata daftari, kama siku zote. Hajawahi kuninyima imani kwenye namba.

Wiki hiyo hiyo, mwalimu wetu wa uraia akatangaza mdahalo wa Ijumaa ya wiki inayofuata. Mada: kodi ya wananchi igharamie kura za maoni za vyama vya siasa. Akagawa pande mbili, akafika kwangu akasimama.

"Wewe upande wa kukubali."

"Mwalimu, kwa nini mie?"

"Kwa sababu hukubaliagi kitu."

Darasa likacheka. Mie kimoyomoyo nikafurahi, maana hoja nilikuwa nayo nyumbani imening'inia kwenye hanga ishirini na sita. Serikali ikilipia uchaguzi wa ndani ya vyama, nikajiambia, ikaweka karatasi, sanduku, msimamizi na matangazo sawa kwa kila mgombea, basi mwenye duka na mwenye cherehani watasimama kimo kimoja. Nikaenda kujipima na kaka anayekaanga mihogo kona ya nyumba yetu. Yule kaka hana chama, na anasema hivyo kama mtu anayesema hana kisukari.

"Sikiliza, mdogo wangu," akaniambia, anageuza mihogo. "Mafuta haya nimenunua, kodi imo. Chumvi, kodi imo. Simu nikitia salio, kodi imo. Sasa nikalipie watu wa chama wachaguane wao kwa wao, chama ambacho mie simo? Hiyo ni harusi ya watu, kadi ya mwaliko sijaletewa, ya mchango nimeletewa."

"Lakini wewe ukilipa, hawatanunuliwa."

"Nani kakwambia? Mie nitalipa ukumbi, na kitenge kitagawiwa vile vile. Tofauti ni kwamba sasa nitakuwa nimechangia."

Nikala muhogo wangu kwa hasira. Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, na pilipili pia.

Ijumaa ya kabla ya kura, saa nane mchana, wateja wakaja kujaribu. Wa kwanza akaingia chumbani, akakaa sana. Akatoka pangaboi limemkamata kifuani kama foronya mpya.

"Fundi," akasema taratibu, "hivi nimenenepa?"

"Pilau za wagombea hizo," mwenzake akamcheka, kisha akaingia yeye. Akatoka hali ile ile, hacheki. Wa tatu akashindwa kupitisha mkono. Kibaraza kikajaa wanawake wanaolaumu pilau. Mama alichukua futi, akampima mmoja upya, akafungua daftari. Akampima wa pili, akaangalia daftari. Kwa wa tatu hakulifungua tena. Akaniangalia mie.

"Wewe ndiye ulikuwa unaandika," akasema.

Akawageukia wateja akawaambia kosa ni lake, wakae, kila mtu ataondoka na gauni linalomtosha. Mama anaachaga kitambaa kingi cha akiba ndani ya mshono. "Namwachia mtu unene wake wa mwakani," ndivyo anavyosemaga. Kile kitambaa ndicho kilichotuokoa. Akanitupia wembe.

"Fumua."

Nikafumua mpaka vidole vikafa ganzi, yeye anashona upya. Na huku barabarani wagombea wengine walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kwa mara ya mwisho, kila mmoja na kundi lake, kushikana mikono na wajumbe. Mama naye alikuwa amepanga kupita mchana ule. Gauni lake jeusi la kutokea lilikuwa limepigwa pasi tangu asubuhi, limetundikwa mlangoni. Hakulivaa. Adhana ya magharibi ilipolia tulikuwa bado tuna magauni manne. Nilielewa nimefanya nini. Mheshimiwa alitumia marobota ya vitenge kumshinda mama, mie nilitumia kalamu tu.

Gauni moja halikurudi. Balozi alichukua lake mapema wiki ile, hakulijaribu, alisema, "Fundi nakuamini." Mama akatuma ujumbe alilete. Likarudi jibu: gauni ni zuri, amelivaa mbele ya kioo akiwa amesimama, halina neno.

"Kesho unakuja na mie," mama akaniambia. "Beba sindano na uzi. Unajua kwa nini."

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa shule yetu. Nikakaa karibu na mlango, na nikaanza kuona mambo ambayo kila siku nayaonaga bila kuyaona. Viti vya shule. Umeme wa shule. Ubao wa shule umeletwa mbele, na chaki, zile chaki ambazo mwalimu wa hesabu huwa anatugawia vipande kama vidonge. Foleni ya wajumbe kwenye choo cha shule. Nikamkumbuka kaka wa mihogo. Anadhani hajaanza kuchangia harusi hii, maskini.

Wagombea walikaa kwenye benchi mbele, wakapewa dakika tatu kila mmoja. Mama akatumia moja na nusu. Akasema mtaro, akasema barua, akaomba kura, akakaa. Mheshimiwa akasema maendeleo mpaka akazimwa.

Kisha kuna ule utaratibu wao wa kuonyesha sanduku la kura kwamba ni tupu. Mjumbe mmoja anayeheshimika analiinua, analigeuza, watu wote waone. Mwaka huo heshima hiyo alipewa balozi wetu. Akasimama, pangaboi linang'aa, akalishika sanduku, akalinyanyua juu ya kichwa. Ukumbi mzima ulisikia. Mshono ulianza kufumuka kwapani ukashuka hadi kiunoni, bila haraka, kama zipu. Yule mama akaganda na sanduku lake juu, hawezi kulishusha, hawezi kuliacha. Watu wa nyuma wakaanza kucheka.

Mie niliiota siku hiyo. Niliipangia wiki nzima. Ilipofika nikatamani sakafu ya shule inimeze.

Mama akainuka kwenye benchi la wagombea. Akaninyooshea mkono bila kuniangalia, nikampa sindano. Uzi ulikuwa mweusi, wa buluu ulituishia jana yake. Akamfunika balozi kwa mtandio wake, akapiga magoti, akaanza kushona kuanzia chini, mbele ya wapiga kura wake wote, mwendo ule ule wa kibarazani.

"Wamecheka sana?" nikamsikia balozi ananong'ona.

"Nyooka, usije ukachomwa," mama akasema.

Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akarudi kukaa. Kura zikapigwa.

Wakati wa kuhesabu, mmoja alikuwa anafungua karatasi na kutaja jina, mwingine anapiga mstari wa chaki ubaoni. Mmoja anataja, mwingine anaandika. Huo mchezo naujua. Naujua kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle ndani. Na mwandikaji mwenyewe alikuwa kijana aliyevaa shati la pangaboi.

Nikamkazia macho. Jina, mstari. Jina, mstari. Kuna mahali nilisikia linatajwa jina la mama, nikaiona chaki inapanda kwenye safu ya Mheshimiwa. Baadaye kidogo tena. Au niliona vibaya. Nilikuwa mbali, feni ilikuwa inapiga kelele, watu wanaongea. Naweza kukuapia, na naweza pia kukuapia kwamba sina uhakika. Nilitaka kunyanyuka niseme, "Huyu anapunguza." Inchi mbili zangu zilikuwa zimenikalia mapajani. Ningesema nini, kwamba namshuku mtu kwa sababu ndivyo ninavyofanyaga mie?

Mama ndiye aliyenyoosha mkono.

"Naomba karatasi zisomwe tena, kwa sauti, na huku tunaangalia ubao."

"Fundi, muda," akasema msimamizi.

"Hazizidi mia na ishirini."

"Wajumbe wamechoka, jamani. Au vipi, wajumbe?"

Wajumbe wakaitikia wamechoka. Nje kulikuwa na masufuria ya pilau, na harufu ilikuwa imeshaingia. Ubao ukapigwa picha kwa simu, kisha ukafutwa kwa kitambaa chetu cha darasani. Mheshimiwa akapita. Mama alipata kura tisa.

Mpaka leo nimeshakutana na watu ishirini na tatu walio miongoni mwa wale tisa. Balozi naye yumo, anaapa. Huenda ni kweli. Huenda alikuwa nayo moyoni tangu mwanzo, au aliipata pale aliposhonwa, au hajawahi kuwa nayo. Mie siku hizi mtu akiniambia "kura yangu Fundi alipata" namwangalia kiuno.

Tukatembea kurudi nyumbani. Mama alibeba viatu mkononi.

"Yule kijana wa chaki ulimwona?" akauliza.

"Nilimwona."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani hutaniamini."

Nilisubiri aniambie ningekuamini, mwanangu. Hakuniambia.

Ijumaa ya mdahalo ikafika. Upande wa kupinga wakanisomea hoja ya kaka wa mihogo neno kwa neno, na harusi yake na kadi yake. Kumbe wote tunanunuaga pale pale. Nikasimama nikasema nakubali serikali ilipe, kwa sababu imeshalipa: viti hivi, ubao huu, choo kile. Sasa tunalipa bila kuwa na haki ya kuuliza, bora tulipe halafu tuulize. Ila nikasema nina sharti. Atakayelipa, awe chama au awe sie, hesabu isomwe mara mbili mbele ya mwenye kura, na anayeandika asivae sare ya mtu.

"Na nani atahakikisha hilo?" mwalimu akauliza.

"Sijui, mwalimu. Anayehakikisha naye atalipwa na mtu."

Tulishindwa. Watu walinyoosha mikono, mwalimu akawa anahesabu, monita anaandika ubaoni. Nikaomba irudiwe. Darasa likacheka, mwalimu akarudia. Tulishindwa tena, na safari hii tulipungua kura mbili.

Kampeni kubwa zilipoanza, balozi akarudi kibarazani na kitenge kipya. Nikamwamkia, akaitika, akasimama, akatanua mikono. Mama akachukua futi. Kwa wiki kadhaa alikuwa anaandika vipimo mwenyewe, anapima, anainuka, anaandika, anapiga magoti tena, magoti yanalia. Siku hiyo akanisogezea daftari kwa mguu.

"Kifua, arobaini na sita."

Nikaandika.

"Soma."

"Arobaini na sita."

"Kwa sauti. Mwenye mwili asikie."

"Arobaini na sita," nikasema, kwa sauti.

"Jamani, Fundi," balozi akalalamika, "mpaka barabarani wajue?"

"Tumeshasikia, bibi," akasema kaka wa mihogo kutoka kona yake, anageuza mihogo. "Tajeni kiuno."

Mama akateremsha futi.